Manowari Isiyo na Tabibu

Ndugu wasomaji, katika hadithi zetu za vita watu wanakufa vizuri mno. Risasi inalia, shujaa anashika kifua, anasema maneno mawili ya busara, halafu anakata roho. Asipokufa ndiyo kabisa: sura ya kumi kapigwa risasi ya bega, sura ya kumi na moja anaendesha gari kwa mkono uleule. Hakuna anayenuka. Hakuna anayelilia maji usiku kucha. Hakuna anayekatwa mguu akaishi miaka arobaini bila mguu. Na daktari? Hayupo, au yupo mlangoni tu, anatikisa kichwa na kuondoka.

Nataka kulihakiki jambo hili kwa kupitia mlango mmoja mwembamba: vita vya baharini katika pwani yetu, kuanzia Pangani, Saadani na Bagamoyo, tushuke mpaka Dar es Salaam na Rufiji, na ng'ambo Zanzibar. Pwani hii imepigwa mizinga kutoka majini zaidi ya mara moja, na imeandikwa na wenyeji na wageni. Swali langu ni jepesi: katika maandishi hayo, yule mtu wa chini ya sitaha, mwenye kisu, msumeno na bandeji, yuko wapi? Na aliyelala mbele yake ni nani?

Atakayesema hili ni swali la madaktari, si la waandishi, naomba anivumilie. Mimi nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kazi yetu. Mtu huanza kuhesabika pale jeraha lake linapoandikwa.

TABIBU WA MANOWARI NI NANI?

Kwanza tumjue mhusika. Katika manowari za Ulaya za enzi ya matanga, mapambano yakianza, tabibu alishuka chini ya usawa wa maji, mahali ambapo mizinga ya adui haikufika kwa urahisi. Huko kulikuwa na giza, taa chache, na meza iliyopangwa kwa masanduku ya mabaharia. Majeruhi waliteremshwa na kulazwa chini wakisubiri zamu. Kilichowajeruhi wengi hakikuwa tufe la chuma lenyewe. Tufe likipiga ubavu wa meli, mbao zilipasuka zikaruka kama mikuki, na vijiti hivyo vikaingia tumboni, usoni, mapajani. Tena dawa ya usingizi ya etha haikuonyeshwa hadharani katika upasuaji mpaka mwaka 1846, kule Boston. Kabla ya hapo mtu alikatwa mguu macho yamemtoka, na ufundi wa mpasuaji ulipimwa kwa dakika.

Lakini adui mkubwa wa baharia hakuwa mzinga, alikuwa ugonjwa. Kiseyeye, yaani fizi kuoza na vidonda vya zamani kufumuka, kilimaliza mabaharia kwa maelfu. Mwaka 1747 tabibu wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, James Lind, aliwachukua wagonjwa kumi na wawili, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na ndimu ndio walioinuka upesi. Hata hivyo ilipita karibu nusu karne, hadi 1795, ndipo jeshi la majini la Uingereza likaamua kuwagawia mabaharia maji ya ndimu.

Sasa jamani, jambo hili linatuhusu. Aprili 1498, miaka karibu mia mbili na hamsini kabla ya Lind, mabaharia wa Vasco da Gama walitia nanga Mombasa wakiwa wagonjwa. Waliletewa machungwa, wakayasifu kuliko ya kwao Ureno, na wagonjwa wakapata nafuu. Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu na kupoteza watu kama thelathini kwa kiseyeye. Walipofika Malindi Januari 1499, nahodha alituma mtu pwani kutafuta machungwa, kwa sababu ndiyo waliyoyatamani wagonjwa. Jina la Lind limo katika kila kitabu cha historia ya tiba. Mwenye shamba la machungwa pale Malindi hana jina. Mambo yatakuwa hivyo mpaka mwisho wa makala haya, kwa hiyo tusilisahau shamba hilo.

Ilipofika 1914, manowari zilikuwa za chuma na mvuke. Tabibu alikuwa na klorofomu, ayodini, vyombo vilivyochemshwa, na kituo cha majeruhi ndani ya meli. Vidonda navyo vilibadilika: kuungua kwa mvuke wa boila, kuungua kwa baruti, na vipande vya chuma vilivyoingia mwilini pamoja na nguo chafu. Wajapani walishaligundua hili. Kabla ya vita vya Tsushima mwaka 1905 mabaharia wao waliogeshwa na kuvikwa nguo safi, ili kitambaa kitakachosukumwa ndani ya nyama kisiwe na uchafu. Hebu mwandishi chipukizi aisome sentensi hiyo tena. Mtu anaoga na kuvaa nguo safi kwa ajili ya kidonda ambacho bado hajakipata. Maelezo kama hayo yanatisha kuliko "mizinga ilinguruma" mara kumi.

MMOJA NA MIA TANO

Tabibu hakuwa mkata nyama tu. Alikuwa pia karani. Aliandika nani kaletwa, kapigwa wapi, kafa saa ngapi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa William Beatty, tabibu wa manowari Victory, aliyemhudumia Amiri Nelson katika vita vya Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. Beatty alichapisha maelezo yake mwaka 1807, na mambo mengi tunayoyajua kuhusu saa za mwisho za Nelson yanatoka kwake. Nelson alipigwa risasi kama saa saba na robo mchana, akafa kama saa kumi na nusu. Zaidi ya saa tatu! Risasi ilikwenda mpaka uti wa mgongo, akapoteza hisia miguuni, na kiu ikamtesa. Linganisheni na mashujaa wetu wanaokufa ndani ya mstari mmoja.

Sasa tuje Zanzibar. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga ikulu ya Sayyid Khalid bin Barghash. Kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha. Vitabu vinasema upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa watu kama mia tano. Upande wa Waingereza alijeruhiwa mmoja, baharia wa manowari iitwayo Thrush, na akapona.

Mia tano ni namba ya mviringo. Mmoja ni mtu. Tunajua cheo cha huyo mmoja, tunajua meli yake, tunajua aliumia vibaya na tunajua alipona. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na tabibu, na tabibu alikuwa na daftari. Wale mia tano hata hatuambiwi wangapi walikufa palepale na wangapi walikufa baada ya wiki kwa donda lililooza, nyumbani Ng'ambo, mama akipepea inzi.

Mfano mwingine ni wa Dar es Salaam. Tarehe 28 Novemba 1914 Waingereza waliingia bandarini kwa mashua, na walipokuwa wakitoka walimiminiwa risasi. Ofisa wao Henry Peel Ritchie alishika usukani huku akipigwa tena na tena mpaka akazimia. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na kila anayesimulia habari zake hutaja majeraha manane. Manane! Nani aliyahesabu? Mwenyewe alikuwa kazimia. Ushujaa wa Ritchie umepata namba kwa sababu kuna mtu alimvua shati akahesabu matundu. Simnyimi ushujaa wake. Ninachosema ni kwamba shujaa wa vitabuni hujengwa na kidole cha tabibu kinachohesabu.

UTENZI, RIWAYA NA KUMBUKUMBU

Nianze na kazi ya nyumbani, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Kila kijana wa pwani anayetaka kuandika habari za vita auguse utenzi huu. Unasimulia jinsi Wajerumani walivyoitwaa Mrima miaka ya 1888 na 1889, enzi ya Bushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Kufaulu kwake ni kukubwa: vita vinasimuliwa kutoka ufukweni, na mtu aliyesimama upande wa kupigwa, si kutoka sitahani kwa mtu aliyeshika darubini. Mdachi ni mgeni, na sisi ndio wenyeji wa hadithi. Katika maandishi ya kipindi hicho hilo ni jambo adimu.

Lakini utenzi wa vita una kazi yake ya jadi, nayo ni sifa na lawama: nani alisimama, nani alikimbia, nani aliuza mji. Fani yenyewe inakimbia. Mizani nane, kina, mizani nane, kina, hatua kama za askari. Kidonda hakiendi kwa mwendo huo. Kidonda kinakaa. Septemba 1888 manowari ya Kijerumani iitwayo Leipzig ilishusha askari wake hapa Bagamoyo, na vitabu vya historia vinataja watu wa mji zaidi ya mia moja waliouawa. Huwezi kuua watu zaidi ya mia moja bila kuacha majeruhi. Nani aliwafunga vitambaa? Kwa majani gani? Hapo utenzi unapita mbio.

Msinijibu kwamba utenzi hauwezi kukaa kando ya kitanda. Mwana Kupona alitunga utendi wake kwa binti yake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, na ugonjwa huo ndio unaoyapa uzito maneno ya mama. Basi fani inaweza. Walichagua wasimulizi wa vita, si mizani.

Pili ni Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, kilichotoka 1934. Humo manowari ya Kiingereza haiji kuua, inakuja kuokoa: inakamata majahazi na kuwafungua watumwa. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hiki kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi, na lawama hiyo nakubaliana nayo. Lakini mimi naongeza la kwangu. Mtumwa aliyetolewa katika tumbo la jahazi hakutoka mzima. Alitoka na kuhara, vidonda vya minyororo, macho yanayotoa usaha. Kuanzia 1874 hadi 1883 Waingereza waliweka bandarini Zanzibar meli kuukuu iitwayo London, iwe kituo cha mashua za kuwinda majahazi ya watumwa. Uhuru ulianzia kwenye kitambaa cha kufungia kidonda kabla haujafika kwenye hati. Kitabu kinachosifu bendera bila kukaa na kile kitambaa kimepoteza nusu ya uhuru wenyewe.

Tatu, wageni. Wengi wenu mmesoma, au mmeona kwenye video, Shout at the Devil ya Wilbur Smith. Riwaya ilitoka 1968, filamu 1976. Manowari ya riwaya inaitwa Blücher, lakini kila mtu anajua ni Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Tuseme ukweli: jamaa anajua kuvuta kamba ya hadithi. Ukianza huiweki chini, na katika kufaulu kifani nampa maksi zake. Lakini maudhui? Delta yetu ni jukwaa la Wazungu kuchezea. Sisi ni kundi: tunabeba, tunapiga kasia, tunalia kwa pamoja, tunakufa kwa pamoja. Maumivu ya mhusika mkuu yana kurasa. Maumivu ya mpagazi yana koma na nukta.

Hali halisi ilikuwa nzito kuliko riwaya. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kuifikia. Kwa muda mfupi tu Pegasus ilikuwa imekwisha: waliokufa 38, waliojeruhiwa 55. Makaburi yao yako kisiwani Chapwani, mkabala na mji, yanatunzwa mpaka leo. Königsberg ikaingia Rufiji na kuzingirwa humo kwa miezi, huku malaria na kuhara vikifanya kazi ambayo mizinga ilikuwa bado haijaimaliza. Tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa mpaka mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Nahodha wake Max Looff alikuwa miongoni mwa majeruhi.

Hapo msimulizi wa kigeni hufunga kitabu. Kwetu ndipo sura ya pili inapoanza. Mizinga kumi ya meli hiyo ilitolewa majini na kuburutwa nchi kavu kwa mikono na mabega ya Waafrika, kwa mamia. Mmoja wa mizinga hiyo ulikamatwa hapahapa Bagamoyo, Waingereza waliposhusha askari kutoka manowari Agosti 1916 na kuutwaa mji. Ukifika Ngome ya Yesu Mombasa utaukuta mzinga wa Königsberg na wa Pegasus imewekwa jirani, mahasimu wamestaafu pamoja. Na wapagazi? Makisio ya wanahistoria ni kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi: kuhara damu, malaria, njaa, uchovu. Kumbukumbu yao kubwa mjini Dar es Salaam ni jina la Kariakoo, yaani kikosi cha wabeba mizigo kwa matamshi yetu. Mzinga umepata kibao na maelezo. Bega lililouburuta limepata jina la soko.

MATESO YANAYOKWENDA POLEPOLE

Mwandishi mmoja wa kwetu amelikabili jambo hili ana kwa ana, ingawa ameandika kwa Kiingereza. Ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021. Wengi wenu mnamjua kwa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Lakini kwa mada yetu kitabu chenyewe ni Afterlives, kilichotoka 2020.

Humo yumo Hamza, kijana wa pwani aliyejiunga na jeshi la Wajerumani. Hapigwi na adui. Anakatwa kwa upanga na mkubwa wake mwenyewe wa Kijerumani, kwa hasira tu, wakati vita vinaelekea kuisha. Halafu mwandishi anafanya jambo ambalo sisi hatulifanyi: anatulia. Hamza anabebwa, anaachwa misheni, anauguzwa na mchungaji anayejua tiba. Siku zinapita, wiki zinapita. Na anapopona, haponi kama mashujaa wetu. Anarudi mjini anachechemea. Kila akiingia chumbani, kila akifanya kazi ya useremala, kila akilala na mkewe Afiya, kidonda kile kipo. Vita vimekwisha 1918, lakini katika mguu wa Hamza bado vinaendelea.

Huko ndiko kufaulu. Gurnah amempa mpwani mmoja mwili unaouma, naye akawa mtu kamili kuliko wale mia tano wa 1896. Kutofaulu, kama nina haki ya kusema hivyo, ni kudogo, na pengine si kutofaulu ni nafasi iliyobaki wazi. Mkono unaoponya ni wa Mzungu wa misheni, na hadithi ni ya nchi kavu. Bahari imebaki. Chumba cha wagonjwa cha manowari, kikitazamwa na macho ya mtu wetu, bado kinasubiri mwandishi.

Atakayesema mtu wetu hakuwepo humo, nitambishia. Waingereza walikuwa na desturi ya kuajiri wanaume wa Zanzibar na pwani ndani ya manowari zao, wakawaita "Seedies". Kazi yao kubwa ilikuwa kule chini kwenye makaa na boila, mahali ambapo bomba likipasuka mvuke hauulizi kabila. Basi mhusika tunaye. Ana jina la Kiswahili, ana mke Malindi ya Unguja, ana mkono ulioungua. Analazwa kando ya baharia Mzungu aliyeungua vilevile. Je, tabibu anaanza na nani? Swali hilo peke yake ni riwaya nzima.

MANDHARI INAYOTUSUBIRI

Niwape mandhari nyingine, na hii ni ya kweli. Turudi kwenye ile siku ya Novemba 1914 bandarini Dar es Salaam. Humo ilikuwemo meli ya abiria ya Kijerumani iitwayo Tabora, imepakwa alama za meli ya hospitali. Kufuatana na mkataba wa The Hague wa 1907, meli ya hospitali huwa nyeupe, na haipigwi, alimradi isitumike kwa hila za vita. Waingereza hawakuamini. Wakampandisha melini tabibu wao wa jeshi la majini, E. C. Holtom, akague kama wagonjwa ni wagonjwa kweli. Wakati yumo ndani, risasi zikaanza nje. Mashua zikaondoka, tabibu akabaki, akatekwa. Mwaka 1919 alichapisha kitabu cha kifungo chake cha miaka miwili, akijitaja kwa herufi za mwanzo tu. Meli yenyewe ilizamishwa na manowari za Kiingereza Machi 1916.

Kitabu cha Holtom ni kitabu cha mateka kuliko cha tabibu, na hilo si kosa lake. Kila mtu huandika lililomkaa rohoni. Lakini tazameni alichotuachia. Tabibu anapanda meli ya hospitali, si kutibu bali kumshuku mgonjwa. Anakwenda kitanda kwa kitanda akiuliza: wewe unaumwa kweli? Anafunua shuka. Na tabibu wa Kijerumani amesimama pembeni, wote wawili wamesoma vitabu vilevile, wanajua majina yaleyale ya Kilatini. Mgogoro huo hauhitaji bunduki hata moja. Sasa muongezeeni mhusika wa tatu, kijana wa Kiswahili anayemwaga ndoo na kushika taa, anayeona yote na haulizwi lolote. Msimulizi ni yule mwenye ndoo. Msitafute mwingine.

Mtaniuliza, tutayajuaje mambo ya meli nasi hatujawahi kupanda hata boti ya Zanzibar daraja la kwanza? Tobias Smollett alikuwa msaidizi wa tabibu katika manowari ya Kiingereza na akaona vita vya Cartagena mwaka 1741. Mwaka 1748 akatoa riwaya, Roderick Random, na humo msomaji anaingizwa katika chumba cha wagonjwa ambamo watu wananing'inia kwenye vitanda vya kamba wamebanana, hewa nzito, harufu mbaya. Yeye aliona kwa macho. Sisi tuna njia nyingine: maktaba kuu ya Dar es Salaam, wazee wetu, na manesi wa zamu ya usiku katika hospitali zetu, ambao wanajua donda linavyonuka siku ya tatu. Kidonda cha 1914 na kidonda cha ajali ya basi vinatoa usaha uleule. Kaeni na nesi mmoja jioni moja, mtaandika vita vizuri kuliko aliyetazama video hamsini.

Ila tusivuke mpaka. Wapo watakaonisikia na kumwaga matumbo na ubongo kila ukurasa, wakidhani huo ndio uhalisia. Huo ni uchinjaji. Beatty hakuandika damu nyingi, aliandika kiu. Gurnah hakuandika mifupa, aliandika kuchechemea. Kitu kimoja kilichochaguliwa vizuri kinamshika msomaji koo.

HITIMISHO

Hapa Bagamoyo, karibu na ufukwe, yapo makaburi ya Wajerumani waliokufa miaka ya mwanzo ya utawala wao. Yana majina na tarehe. Desemba 1889 mjini humuhumu Emin Pasha, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu na kupasuka kichwa. Fuvu lile moja limeandikiwa kurasa nyingi kuliko watu wote waliouawa mwaka mmoja kabla, Leipzig ilipokuja. Simwonei wivu marehemu. Nasema tu kwamba hesabu haiko sawa, na kwamba hakuna serikali wala jumba la makumbusho litakaloisawazisha. Daftari la tabibu wetu halikuandikwa. Aliyefunga vidonda vya Bagamoyo 1888 alifunga kimya kimya, akanawa mikono, akaenda zake.

Kwa hiyo kazi hiyo imetuangukia sisi wenye kalamu. Tukiandika tena mizinga inayonguruma na mashujaa wasiouma, tutakuwa tumewaua wale mia tano mara ya pili, safari hii kwa Kiswahili sanifu. Mwandishi wa vita vya pwani aanze na kidonda kimoja, cha mtu mmoja, mwenye jina, na akae nacho mpaka kipone au kimshinde mwenyewe. Meli, bendera na maamiri watakuja wenyewe, hawana haja ya kualikwa.

Asiyekubaliana nami aandike, kurasa hizi ni zetu sote. Nawasilisha.